Mama Yake Wallata

"Lama," Daktari Maribel alisema, akaigeuza karatasi juu ya meza ili Eudocia aisome mwenyewe.

Eudocia hakuigusa. Glavu zake zilikuwa zimetoka kunyunyiziwa spiriti, na katika miaka ishirini na mitatu ya kazi hakuwahi kushika karatasi kwa glavu hizo. Aliinama tu, mikono ameiinua mbele ya kifua kama mtu anayesubiri kupokea mtoto mchanga, akasoma. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga bati la maabara, kwa hiyo daktari alilazimika kupaza sauti kwa jambo ambalo angependa kulisema taratibu.

"Tulipeleka chupa kumi na moja za seli Lima. Kumi ziko sawa. Tulizoandika za tumbili ni za tumbili, za ng'ombe ni za ng'ombe, za mbwa ni za mbwa. Ni hii moja tu, mama. Sisi tumeandika alpaka, wao wamekuta lama."

"Labda wamekosea wao."

"Nami nilisema hivyo, nikaomba warudie." Aligonga karatasi kwa kidole. "Haya ndiyo majibu ya kurudia. Wamepima kile kipande cha vinasaba ambacho mtoto hukipata kwa mama yake peke yake. Kipande hicho hakichezi. Ni cha lama."

Ile moja, kwenye vitabu vya maabara, iliitwa WA-1. Kinywani mwa Eudocia iliitwa Wallata, kwa jina la mnyama ambaye figo yake ndiyo iliyozaa seli hizo. Mnyama naye alipewa jina la bata mkubwa wa milimani, mweupe mwenye mbawa zilizochovywa weusi, kwa sababu alizaliwa mweupe na kiuno cheusi.

Daktari Maribel Zegarra alikuwa na miaka thelathini na minne, na miezi minane tu tangu ahamie hapa Ayaviri, milimani, kutoka Arequipa. Bado alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe. Hakuwa mtu wa kufoka. Ndiyo maana Eudocia alijua kwamba maneno yanayofuata ameyapima nyumbani kabla ya kuja nayo.

"Kabati la joto ni moja," daktari alisema. "Wallata wako rafu ya juu, seli zetu za lama ziko rafu ya chini. Tone moja likirukia chupa isiyo yake, likiwa na seli moja tu inayozaana upesi kuliko wenyeji, baada ya miezi michache wenyeji wamekwisha. Na kwenye hadubini huoni tofauti yoyote ya lama wa mizigo na alpaka wa manyoya."

"Tone halikuruka."

"Simsemi mtu. Hutokea. Kuna maabara kubwa kuliko hii mara mia zilizofanya kazi miaka mingi na seli za mnyama mwingine bila kujua."

"Huko zinashikwa na watu wangapi?"

"Wengi."

"Hapa nazishika mimi."

Daktari alitazama dirishani. Mawe ya mvua yalikuwa yakirukaruka uani kama bisi kwenye sufuria.

"Wenzetu wa Lima wanazisubiri," alisema hatimaye. "Wanataka kukuzia virusi vya kuhara vinavyoua watoto wa alpaka. Siwezi kuwapa kitu nisichojua ni nini. Ijumaa tutazitia klorini zife, mama. Na zilizogandishwa kwenye tangi. Zote."

Eudocia aliinamisha kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya Wallata. Alizibandua seli kwenye sakafu ya chupa, akazigawa chupa tatu, akazipa lishe yao nyekundu, akazirudisha rafuni. Baadaye tu, alipovua glavu, aliona jinsi viganja vyake vilivyolowa.

*

Aliingia maabara hiyo na ndoo na kitambaa cha kupigia deki. Mkurugenzi wa wakati huo, mzee aliyeitwa Daktari Belisario, alikuwa akilalamika kila siku kwamba nchi yenye alpaka wengi kuliko zote duniani haina hata chupa moja ya seli za alpaka. Eudocia alisikia malalamiko hayo kutoka sakafuni, akipiga deki chini ya meza. Kisha akaenda kwao kwa mapumziko, juu ya Macusani, na huko akakuta mnyama wa mwaka mmoja amevunjika mguu kati ya mawe. Kaka yake, Saturnino, alimchinja. Eudocia aliomba figo.

Alisafiri nayo saa tano juu ya lori, ameikumbatia chupa ya chai iliyojaa barafu.

"Mnyama gani?" Daktari Belisario alimuuliza, kalamu mkononi.

"Alpaka."

Mzee akaandika.

Seli zilimea wiki tatu, zikasimama. Mwezi wa pili zikawa zinakufa. Mwezi wa tatu mzee akasema zitupwe. Eudocia, ambaye hakuwa na haki ya kusema lolote, alisema: "Niachie mimi. Nitazibadilishia lishe Jumatatu na Alhamisi nikimaliza deki. Hazinisumbui." Mwezi wa tano, kwenye kona ya chupa, kulikuwa na doa dogo kama punje ya kinoa. Lilikuwa hai. Likaenea, likajaza chupa, na tangu siku hiyo halikusimama tena. Mzee Belisario alimnyang'anya ndoo kwa mkono wake, akampa pipeti.

Shule ya maabara hakusoma. Alijiwekea sheria zake, na sheria hizo alizichukua kwa wafugaji, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kuzichukua. Kila seli na siku yake. Kila seli na chupa yake ya lishe, isiyoazimwa hata kwa dharura. Na kila chupa ikafungwa shingoni utepe wa plastiki wa rangi yake, jinsi kwao wanavyowatoga alpaka masikio na kuwafunga nyuzi ili makundi yasipotezane: Wallata mwekundu, lama kijani, ng'ombe bluu. Tepe hizo aliziita hereni. Wageni walicheka. Chupa hazikuchanganyika.

Au ndivyo alivyoamini mpaka Jumatatu ile.

*

"Nasikia mbuzi wako amegeuka kondoo," alisema Hipólito.

Hipólito alikuwa mwosha vyombo wa maabara na bwana wa mtungi mkubwa wa mvuke. Chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na joto, kwa hiyo watu wote walikula huko.

"Wee Hipólito, osha chupa zako."

"Naziosha. Mwaka wa kumi na tisa naziosha. Kama kuna lama ameingia chupani hakupita kwangu. Mimi huwachemsha."

"Hujanichekesha."

"Sijakuchekesha kwa sababu hujala. Kaa." Alimsogezea bakuli la supu ya viazi vikavu na nyama ya kondoo, akamtazama mpaka akashika kijiko. "Sasa niambie, dada, hapa hakuna daktari. Ulichanganya?"

"Sikuchanganya."

"Hata siku ile ulipokuwa na homa?"

"Siku ile sikuingia kabisa. Wallata walishinda na njaa, mimi nikashinda na homa."

"Basi. Wewe hukuchanganya. Wa Lima hawakukosea, wamepima mara mbili. Sasa huyu lama aliingia lini?"

Eudocia alikuwa na kijiko njiani kuelekea mdomoni. Alikirudisha bakulini.

"Kwa mama yake," alisema.

"Mama yake nani?"

"Kipimo kinamtazama mama, Hipólito. Baba hahesabiwi." Alikuwa ameshasimama. "Mama yake Wallata alikuwa nani?"

"Mimi nijue wapi? Malizia supu kwanza!"

Lakini Eudocia alishatoka uani na simu, amejifunika shali kichwani. Kule kwao simu hushika kwenye mwamba mmoja tu, na siku hiyo, kwa bahati, mke wa Saturnino alikuwa karibu nao, akichunga.

"Wifi Eudocia! Umekumbuka kwamba tupo!"

"Wifi Leandra, hujambo? Sikiliza. Unamkumbuka Wallata?"

"Yupi? Tumekuwa na Wallata watano."

"Yule aliyevunjika mguu. Niliyechukua figo yake."

"Aa, uliyempakia kwenye chupa ya chai! Chupa ile haikunukia chai tena mpaka ilipovunjika."

"Huyohuyo. Mama yake alikuwa nani?"

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha kikaja kicheko, kirefu, cha mtu aliyeguswa mahali pa zamani.

"Si yule shetani mbeba viazi! Aliyenitemea mate siku ninaolewa, juu ya shali mpya, mbele ya mapadri na wazazi! Nisimkumbuke?"

"Lama."

"Lama mtupu. Dume la alpaka la baba liliruka ukuta wa zizi likamfuata. Baba mkwe alikasirika wiki nzima, hasemi na mtu. Halafu mtoto akazaliwa na manyoya laini, ukiyashika unasema alpaka, hasira ikaisha. Akalala na alpaka, akakatwa manyoya na alpaka, tukamwita alpaka. Kwani wewe ulimwitaje?"

"Alpaka."

"Sasa tatizo liko wapi, wifi?"

Eudocia alicheka. Leandra alikuwa hana kosa. Huko juu mnyama huitwa kwa manyoya yake. Jina la mtoto wa dume la alpaka na lama jike lipo, ni misti, lakini hutolewa manyoya yakiwa magumu na mwenye zizi akiwa na hasira. Mwenye manyoya laini haulizwi mama. Eudocia mwenyewe hakuuliza. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, mzee akasema mnyama gani, na yeye akataja manyoya.

*

Jumatano asubuhi alimkuta daktari akichemsha maji. Alisimama mlangoni, hakukaa.

Tangu jana yake alikuwa amezigeuzageuza aibu mbili kama mtu anayechagua kati ya viatu viwili vinavyobana. Ama mikono yake ilikuwa michafu, ama mdomo wake ulisema kisicho. Ya pili ilikuwa nafuu kwake. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Alisimulia yote: ukuta wa zizi, lama mbeba viazi, shali ya wifi yake. Daktari alicheka aliposikia habari ya shali, kisha akaacha kucheka.

"Inawezekana," alisema. "Lakini inawezekana pia kwamba zilichanganyika, na sasa tuna hadithi nzuri ya kufunikia. Nisamehe, mama."

"Sema tu. Ndiyo maana nimekuja kabla hujanywa chai, usiwe na huruma."

"Tuna chupa za mwaka wa kwanza kwenye tangi?"

"Zilikufa mwaka ule barabara zilipofungwa, naitrojeni haikufika, tangi likakauka. Tulizonazo zote ni za baada ya seli za lama kuletwa hapa."

Daktari alijimiminia chai, akasahau kuinywa. "Ningeweza kupima vinasaba vya pande zote, vya baba na vya mama. Lakini tazama. Seli za misti zitaonyesha alpaka na lama. Chupa iliyochanganyika, ikiwa wenyeji hawajaisha, nayo itaonyesha alpaka na lama, kwani kile kipimo cha kwanza hutaja walio wengi tu. Majibu yatakuwa yaleyale. Hatutajua."

Maji yaliyobaki kwenye birika yaliendelea kunong'ona.

"Makundi mawili yakichanganyika zizini," Eudocia alisema, "huwezi kuyajua kwa kusimama ukutani. Unaona migongo tu. Unamtoa mmoja, unamweka peke yake, unamtazama. Kisha unamtoa mwingine."

Daktari Maribel aliinua macho.

"Tuzitoe moja moja," Eudocia aliendelea, sasa kwa sauti ndogo, kwa maana alikuwa anamfundisha daktari kazi na alijua. "Kila seli shimo lake. Izae watoto wake yenyewe. Kama nilichanganya, shimo hili litakuwa alpaka tupu na lile lama tupu. Kama ni misti, kila shimo litakuwa na wazazi wote wawili."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa sweta ya ndani, akaivaa tena.

"Nilisema Ijumaa klorini."

"Ulisema."

"Klorini haiozi. Nakupa wiki sita." Kisha, baada ya kufikiri: "Na nitahesabu pamoja nawe. Si kwamba sikuamini."

"Ni kwamba huniamini," Eudocia alisema, "na ni haki yako."

*

Walitumia sahani tatu, kila moja ina vishimo tisini na sita, kila kishimo hakizidi ncha ya kidole. Eudocia alizibandua seli za Wallata, akazizimua kwa lishe, akazizimua tena, na tena, mpaka katika kila tone kukawa na bahati tu ya kuwa na seli. Kisha akatia tone tone, vishimo mia mbili themanini na nane, pipeti ikipanda na kushuka mkononi mwake kama sindano ya mshonaji.

Baada ya hapo wakahesabu. Mmoja alikaa kwenye hadubini, mwingine akageuka ukutani ili asione, kisha wakabadilishana. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi yake. Kishimo kitupu, kishimo chenye seli mbili, kishimo chenye moja. Vishimo walivyokubaliana tu ndivyo walivyotia alama.

"Safu ya tatu, shimo la saba," daktari alisema. "Mimi nimeandika moja."

"Mbili. Ya pili imejibanza ukingoni."

Daktari alirudi kutazama. Alikaa muda mrefu, jicho limegandana na kioo. "Mbili," alisema. "Umeionaje?"

"Ilikuwa inajificha. Nimezoea wanaojificha."

Walipata arobaini na moja zilizo peke yake.

Hipólito alichungulia mlangoni. "Wapangaji wangapi wamehamia?"

"Arobaini na mmoja, kila mtu na chumba chake."

"Wakikosana sauti zitasikika?"

"Ondoka, utatupulizia vumbi!"

Daktari alikuwa amefungua chupa mpya ya lishe. Eudocia alimzuia kwa kiwiko.

"Si hiyo. Ukimpa huyu lishe mpya akiwa peke yake atakufa."

"Kwa nini? Ndiyo bora."

"Ni bora kwa wengi. Mmoja hufa." Alitoa kwenye jokofu chupa yenye hereni nyekundu, lishe iliyofifia ikawa ya rangi ya machungwa. "Hii ilikaliwa na wenzake siku mbili. Waliacha humo vitu vyao, sijui mnaviitaje. Seli ikivipata hudhani haiko peke yake. Nimeichuja mara mbili, kusibaki hata mmoja wao. Ichuje ya tatu wewe, kwa mkono wako, uwe na uhakika."

Daktari aliichuja ya tatu.

Ishirini na mbili zilikufa hata hivyo. Wiki ya kwanza Eudocia alikuta vishimo vyenye vumbi jeusi, akavifuta alama bila kusema kitu. Lakini wiki ya pili, kwenye safu ya kwanza ya sahani ya mwisho, moja ilikuwa mbili, na kesho yake nne. Alimwita daktari, na daktari akaja mbio na kipande cha mkate mkononi, akafukuzwa mlangoni akaache mkate.

Wakati huo Ayaviri ilikuwa kwenye sherehe za kabla ya Kwaresima. Ngoma na filimbi zilipita barabarani mchana kutwa, na jioni moja daktari aliingia maabara amevishwa shingoni tepe za karatasi za rangi, nywele zimejaa unga ambao watoto humrushia mpita njia yeyote.

"Sasa nawe una hereni," Eudocia alimwambia.

"Ya kundi gani?"

Eudocia alimtazama toka unga mpaka viatu. "Bado unachunguzwa."

Daktari Maribel alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki ile ndiyo alianza kuvaa sweta moja.

Koloni kumi na tisa, kila moja uzao wa seli moja, zilikua. Zilipotosha, walizigawa nusu: nusu ikabaki kwenye kabati la joto, nusu ikaenda Lima kwenye vichupa vidogo vyenye namba tu, bila jina la mnyama, ili mpimaji asijue anatafuta nini. Hilo la namba lilikuwa wazo la daktari. Eudocia alilipenda. Alizifunga mwenyewe, akasimama uani mpaka gari la vifurushi likapotea kwenye kona ya kituo cha treni.

Kisha akasubiri. Aliosha visivyohitaji kuoshwa. Alipokuwa akibadilisha lishe aligundua kwamba anazisemesha, kwa Kikechua, lugha ya kwao, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu zile siku za ndoo: mlikuwa wapi, mlikuja na nani, semeni.

*

Majibu yalikuja Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, asubuhi yenye jua. Daktari hakuisoma barua ofisini. Aliileta kwenye chumba cha Hipólito, palipo na joto, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Namba moja," alisoma. "Upande wa mama, lama. Pande zote mbili, alpaka na lama."

Hipólito alizima mtungi wa mvuke ili asikie.

"Namba mbili. Mama lama. Alpaka na lama. Namba tatu, vilevile. Namba nne." Aliendelea hivyo, hakuruka hata moja, sauti yake ikipanda kidogo kidogo, na Eudocia alikuwa akikunja vidole ndani ya mfuko wa koti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Ilipofika kumi na tisa daktari alikunja barua.

"Zote," alisema. "Hakuna hata moja iliyo ya upande mmoja. Hukuchanganya kitu, mama Eudocia. Miaka ishirini na mitatu, hata tone."

Eudocia alivikunjua vidole. "Basi nilikosea jina," alisema.

"Ulikosea jina."

"Na mzee Belisario akaliandika. Na watu wakaandika makala."

"Makala tatu. Itabidi nizisahihishe zote, nitume barua." Daktari alisita. "Nitaje sababu gani?"

Hipólito alimtazama Eudocia.

"Andika ilivyokuwa," Eudocia alisema. "Aliyemleta mnyama alimtaja kwa manyoya yake."

"Na jina lako?"

"Liandike. Makala za kwanza hazikunitaja. Hii initaje."

Daktari alitoa kalamu, akaandika sentensi hiyo nyuma ya bahasha, herufi kwa herufi, kama alivyoisikia. Wa Lima, alisema, bado wanazitaka. Wameshajaribu virusi kwenye zile nusu walizopelekewa na virusi vimezila kwa tamaa, havikuuliza mama ni nani. Wiki hiyo Eudocia alibandua karatasi za zamani kwenye vichupa sitini na vinne vya tangi, vidole vikimwasha kwa baridi ndani ya glavu nene, na akaandika upya moja moja: Misti. Mama lama, baba alpaka.

"Sasa wataanza kututemea mate," Hipólito alisema akishika taa.

"Wewe wa kwanza."

*

Jumapili iliyofuata alipanda kwao. Msimu wa kuzaa ulikuwa unakwisha, na Saturnino alimkuta njiani akamvuta mkono moja kwa moja hadi malishoni, hata mzigo hakumpa nafasi ya kuutua. Mtoto mmoja wa mwisho alikuwa amezaliwa muda mfupi uliopita. Alilala kwenye majani makavu marefu, wa rangi ya kahawia, bado amelowa, miguu mirefu kuliko akili yake.

Saturnino alikuwa na daftari jipya la chama cha wafugaji, lenye safu zilizochorwa, na kalamu nyuma ya sikio. Aliichukua kalamu, akapiga magoti.

"Manyoya unayaona mwenyewe, dada," alisema, akiyachambua kwa kidole gumba. "Hariri. Naandika alpaka."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Kalamu itaganda."

"Ngoja tu, kaka."

Eudocia aliutua mzigo, akachuchumaa kando ya mtoto bila kumgusa. Mtoto alijaribu kusimama, akaanguka kwa pua. Akajaribu tena, miguu ya nyuma ikasimama, ya mbele ikakataa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka nusu ya mteremko na kundi lote lilikuwa ndani yake, haionekani ila migongo, mingine myeupe, mingine ya rangi ya udongo. Mtoto akasimama mara ya tatu, anatikisika kila upande, akatoa mlio mwembamba wa puani.

Kutoka juu, ndani ya ukungu, jike mmoja alimjibu.

Saturnino alishika kalamu juu ya safu tupu. Mtoto akageuza kichwa kuelekea sauti ile. Mawe madogo yakaanza kuporomoka mteremkoni, moja, mawili, chini ya miguu ya anayekuja.